Chumba Namba Tatu

Zamoyoni wa mapokezi ana kalamu iliyofungwa uzi
asije mgeni akaondoka nayo.
"Jina. Namba ya simu. Utokako."
Nikaandika: Morogoro. Sikusema uongo,
nimekaa huko miaka thelathini na moja.
"Karibu Bagamoyo. Ni mara yako ya kwanza?"
Nikaitazama boriti juu ya kichwa chake,
ile yenye kovu la moto wa chemli,
nikasema, nimewahi kupita.

Akanitembeza. Anaijua kazi yake, mtoto yule.
Hapa, akasema, tajiri wa pembe alipokea wageni.
(Hapa mama alianika dagaa mvua ilipokataa kukatika.)
Hapa bibi harusi alifungiwa siku saba.
(Hapa tulifungiwa sisi, mimi na Kondo,
tulipomwaga pishi nzima ya mchele.)
Na hiki, akausukuma mlango kwa bega,
kama sote tulivyousukuma, bega la kushoto,
hiki ndicho chumba cha heshima.

Chumba cha heshima kilikuwa stoo ya vitunguu.
Nimelala juu ya godoro la inchi kumi,
chandarua kimening'inia cheupe kama kanzu ya Idi,
feni inazunguka, na chini ya harufu ya sabuni
nanusa, nanusa tena.
La. Hakuna kitunguu. Wamepiga chokaa vizuri.

Kondo aliuza. Si kwamba namlaumu:
paa lilikuwa linavuja hadi kwenye dua,
na ngazi haigawanyiki kwa ndugu kumi na wawili.
Fungu langu lilinunua cherehani na bati za jikoni.
Cherehani bado inashona.

Usiku wa manane umeme ukakatika.
Jenereta likakohoa mara mbili, likanyamaza.
Nje ya mlango nikawasikia wa chumba cha pili,
mtu na mkewe kutoka Njombe, wanapapasa ukuta,
simu zimeisha chaji, mtoto analilia maji.
Nikatoka bila viatu.
Miguu haikuniuliza.
"Mkono wa kulia, ukutani.
Ngazi ni kumi na moja.
Ya saba fupi, fundi aliishiwa mawe,
msiikanyage kama mnaidai."
Hayo ni maneno ya mama, Bi Mwanakheri,
yalitoka na sauti yake, na ukali wake,
mimi nilichangia mdomo tu.
Tukashuka sote wanne. Mtungi uko palepale,
ila siku hizi ni wa plastiki, na una bomba.
Mtoto akanywa vikombe viwili
akalala begani kwa baba yake kabla hatujapanda.

Asubuhi mbaazi za nazi, vitumbua,
chai ya mchaichai, papai lililokatwa kwa madaha.
Zamoyoni akaleta sahani, akainama:
"Mama, wale wa Njombe wanasema
ulizijua ngazi gizani."
Vitumbua vilikuwa na iliki kupita kiasi.
Nikamwambia hivyo. Akacheka,
akasema mpishi akisikia atanuna hadi Ijumaa.
Swali likabaki mezani. Inzi akatua juu yake.

Nililipa. Kwenye risiti wakaandika:
mgeni mmoja, usiku mmoja.
Sikudai wasahihishe.

Nimefika Makofia, natafuta noti ya kununulia maji,
mkono ukagusa chuma:
ufunguo, na kibao chake cha mbao, tatu.
Simu ikaita hapohapo.
"Mama wa Morogoro, umeondoka na ufunguo wetu."
Ee, nikasema, ninao.
"Utaurudisha lini?"
Lilikuwa linapita lori la mchanga,
nyuma yake la kokoto, nyuma yake jingine.
Nikasubiri yapite yote
kabla sijamjibu.